Kidato cha pili, lakini amekwama darasa la nne

Kila mwezi wa kwanza, watoto wa kidato cha kwanza wakiwa bado wanazoea sare mpya, nawaandikia ubaoni hesabu moja: 10 − 3 + 2. Kila mtu afanye kwenye daftari lake, asichungulie kwa jirani. Kisha napita katikati ya madawati naangalia. Nusu ya darasa, miaka mingine zaidi, wameandika 5.

Ukimuuliza aliyeandika 5 kapataje, anakujibu bila kusita: "MAGAZIJUTO, madam." Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha imetajwa kabla ya toa, kwa hiyo ameanza na 3 + 2, kisha akatoa 5 kwenye 10. Amefanya kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Ambacho hakuambiwa, au aliambiwa mara moja kikapita, ni kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, vikikutana unaanza kushoto kwenda kulia. Na kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo. Jibu ni 9. Mwambie mtoto huyo huyo kwamba ana elfu kumi, ametumia elfu tatu, halafu shangazi yake kampa elfu mbili. Atakwambia elfu tisa hujamaliza kuuliza.

Mtoto huyu alisikiliza darasani, akashika, akatumia. Ila kanuni ilimfikia nusu, na nusu hiyo anatembea nayo tangu shule ya msingi. Kidato cha kwanza itamkwamisha kwenye aljebra, cha pili kwenye vipeo na logi, cha tatu kwenye mfuatano, na kila mara ataambiwa kwamba hajaelewa mada mpya. Mada mpya huenda ameielewa kabisa.

Nafundisha shule ya kata wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwenyewe nimesoma shule ya kata, zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na fedha za MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Mwalimu wa hesabu tulikuwa tukiazima shule ya jirani, akija anakuja, asipokuja basi. Ndiyo maana suala hili haliniachi. NECTA, Baraza la Mitihani, wakitoa matokeo ya kidato cha nne, wanaofaulu Hisabati kwa miaka ya karibuni wamekuwa kama mmoja katika kila watahiniwa watano, na mwaka ukiwa mzuri, mmoja katika wanne. Kila matokeo yakitoka tunalaumiana wiki moja, kisha tunarudi kwenye ratiba ile ile.

Wazazi huniuliza: "Mwalimu, mbona huyu mwanangu hesabu haziingii?" Wengi wanauliza wakiwa wameshajijibu. "Labda karithi kwangu, hata mimi nilikuwa sizijui." Au mbaya zaidi, mtoto akiwa amesimama pale pale: "Dada yake ana kichwa, huyu sijui." Mimi huomba daftari. Ripoti ya muhula ina namba moja tu, 18 au 23, na namba hiyo hainiambii chochote cha kufanya kesho asubuhi. Daftari linasema.

Linasema, kwa mfano, kwamba 503 − 87 mtoto kapata 584. Kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: saba na tatu, nne, nane na sifuri, nane, tano ikashuka. Hakujua la kufanya pale alipotaka kukopa kwa jirani akakuta jirani ni sifuri. Na hakushtuka kwamba ametoa, kisha akabaki na kingi kuliko alichoanza nacho. Linasema kwamba 618 ÷ 6 ni 13, kwa sababu moja haigawanyiki kwa sita, basi akairuka bila kuweka sifuri mahali pake. Linasema kwamba 0.45 ni kubwa kuliko 0.6, maana arobaini na tano ni nyingi kuliko sita. Haya nayaona kwenye madaftari ya kidato cha pili, kwa watoto wanaotakiwa wiki hiyo hiyo kutafuta mzizi wa mlinganyo wa kipeo cha pili.

Na kuna lile la "kuvuka". Karibu kila mtoto anayefika kwetu amefundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika. Kwa x + 3 = 12 kanuni hiyo inatoa jibu sahihi: 12 − 3, x ni 9. Kisha unampa 3x = 12. Tatu inavuka. Anaandika x = 12 − 3, anapata 9 tena, anapiga mstari chini na kuendelea na swali la pili. Mwingine anaandika 12 ÷ (−3), anapata −4, kwa kuwa amesikia kinachobadilika ni alama. Wote wawili wana kanuni, wanaitii. Hakuna aliyewaambia kwamba pande mbili zile ni sawa kama sahani za mizani, ukigawanya huku kwa tatu na kule gawanya kwa tatu, na kwamba namba haivuki kwenda popote. Namwambia rudisha 9 kwenye swali: tatu mara tisa? "Ishirini na saba." Swali linasema ngapi? Hapo ndipo uso unabadilika. Kurudisha jibu kwenye swali ni jambo ambalo wengi hawakuwahi kuzoeshwa, na ningekuwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu kuanzia darasa la pili, ningeongeza hicho.

Lakini shimo kubwa kuliko yote, kwa ninavyoona mimi, ni sehemu.

Kuna kijana wa kidato cha pili alikuwa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Jioni anamsaidia mjomba wake dukani. Nilimuuliza: mteja anataka sukari nusu, mwingine anataka robo, umepima kiasi gani jumla? "Robo tatu, madam." Kilo ikiwa shilingi 3,000, robo tatu ni bei gani? "2,250." Hakugusa peni. Nikamwandikia hicho hicho kwenye karatasi, 1/2 + 1/4. Akaandika 2/6. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini.

Watu wengi wakisikia kisa kama hiki husema, umeona, hesabu anazijua, shule ndiyo inayoharibu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Duka lilimfundisha nusu na robo kwa sababu duka linauza nusu na robo. Halikumfundisha theluthi, wala moja ya saba, wala kwamba 2/6 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Kwake 1/4 ya kwenye karatasi ilikuwa namba mbili zilizotenganishwa na mstari, moja juu, nne chini. Haikuwa robo ya mjomba. Kazi ya mwalimu ni kuyakutanisha hayo mawili, na kazi hiyo ilitakiwa ifanyike akiwa na miaka tisa au kumi. Badala yake alipewa utaratibu: tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini), gawanya kwa asili, ile namba ya chini, zidisha kwa kiasi, ile ya juu, jumlisha. Utaratibu usio na sababu haukai kichwani. Ukisahau hatua moja huna pa kushika, unabaki kubahatisha, na kubahatisha kwa juu na juu, chini na chini ndiko kunakokuja kwanza.

Hapa Muheza machungwa hatukosi. Nikamletea kumi na mawili. Nionyeshe nusu. Akatenga sita. Rudisha, nionyeshe theluthi. Akafikiri kidogo, akayapanga mafungu matatu, akachukua fungu moja, manne. Sasa nusu na theluthi jumla ni mangapi? Kumi. Kumi katika kumi na mawili. Akaandika 10/12, na baada ya kuyatazama mafungu akasema mwenyewe kwamba ni 5/6. Kisha akaniuliza swali ambalo sijasahau: "Madam, kwa nini umeleta kumi na mawili? Ungeleta kumi?" Nikamwambia jaribu. Akatoa mawili. Nusu ilitoka, theluthi ikagoma, likabaki moja. Akajaribu nane, ikagoma. Akajaribu sita, ikakubali. Akakaa anayaangalia. Nikamwambia hiyo sita ndiyo KDS, ile uliyokuwa unaitafuta tangu darasa la tano.

Ilichukua kipindi kizima na ziada. Kipindi chetu ni dakika 40, na azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka, halina mahali palipoandikwa "machungwa". Siku hiyo nilitakiwa kuwa kwenye kutafuta vigawo vya milinganyo. Nikiwa na darasa la watoto tisini, nikimpa kila mmoja dakika 40 za kumrudisha alikopotelea, mwaka unakwisha sijafungua kitabu cha kidato cha pili. Mthibiti ubora akija anaangalia nimefikia mada gani. Hataniuliza wangapi niko nao pamoja. Simlaumu mtu mmoja mmoja katika hili; elimu bila ada ilipofika sekondari mwaka 2016 watoto waliongezeka, na nilifurahi, maana baadhi yao wasingekuwa shuleni kabisa. Lakini walimu wa hesabu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na anayebeba pengo ni mtoto aliyekaa karibu na mlango.

Kitu kingine ninachokitafuta daftarini ni vijiti. Pembeni mwa ukurasa, vidogo, vimechorwa kwa penseli ili vifutwe: mistari saba, saba, saba, mara nane, kisha vikahesabiwa kimoja kimoja kupata 56. Kidato cha pili. Wengi hawaoni tatizo, jibu si limepatikana? Tatizo ni kinachotokea kichwani wakati vinahesabiwa. Chukua x² + 10x + 24. Unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 24 na ukizijumlisha unapata 10. Mwenye jedwali la kuzidisha kichwani anapitia 3 na 8, hapana, 4 na 6, ndiyo, sekunde chache. Mwenye vijiti anaanza kuhesabu, na akimaliza kuhesabu amesahau alikuwa anatafuta nini. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mengi kwa mpigo. Ikijaa vijiti, aljebra haina pa kukaa. Na kwenye mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi. Kwa hiyo nawaambia wazazi bila kuona haya: jedwali la kuzidisha lishikwe kwa kichwa, mpaka 12, ndiyo, hata siku hizi. Ila kwanza mtoto aelewe kwamba saba mara nane ni mafungu saba ya nane, na kwamba akiisahau anaweza kuanzia saba mara saba akaongeza saba.

Wamefikaje sekondari wakiwa hivi? Kuanzia mwaka 2012, kwa miaka kadhaa, mtihani wa Hisabati wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua herufi tupu, na baadaye ndipo yakaongezwa maswali machache ya kuonyesha njia. Herufi haionyeshi alikopita. Shule nyingi zilijifunza kufundisha kwa ajili ya herufi: angalia majibu, futa yasiyowezekana, rudisha moja moja kwenye swali. Ni ujanja mzuri wa kufaulu, na mtoto aliyefaulu kwa ujanja huo anafika kwangu na B ya hesabu na 1/2 + 1/3 = 2/5. Sisi walimu nasi tunapanda juu ya hapo hapo. Madaftari tisini mezani, saa kumi jioni, unasahihisha jibu la mwisho, vema, kosa, vema, kosa. Kosa jekundu linamwambia mtoto amekosea. Halimwambii wapi.

Lugha. Najua wengi mnasubiri nifike hapa. Mtoto anasoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba, kisha mwezi wa kwanza anakuta Kiingereza kila mahali, na ile kozi ya mwanzo ya kumvusha haitoshi. Maswali ya maneno ndiyo yanayowaua: mtoto anaweza kukokotoa faida na hasara vizuri sana, lakini hajui swali linamtaka faida au bei ya kununulia. Nimewahi kusoma swali kwa Kiswahili kwenye jaribio na wastani wa darasa ukapanda pale pale. Jambo hilo ni kweli na linahitaji uamuzi wa juu kuliko mimi. Lakini 503 − 87 haina lugha. 3x = 12 haina lugha. Tukisema kila kitu ni Kiingereza, tunajipa ruhusa ya kutorudi darasa la nne kuangalia kilichovunjika.

Na kuna woga. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinahusu makosa makubwa ya nidhamu. Viboko visizidi vinne, na ni kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Kukosa saba mara nane si kosa la nidhamu. Hata hivyo ninaowapokea wanakuja na kumbukumbu ya kusimamishwa mbele, jedwali la saba, fimbo mkononi mwa mtu, darasa zima linaangalia. Binti mmoja aliniambia kwamba akisikia neno hesabu tumbo linauma, na sikumwona akinidanganya. Mtoto mwenye hofu hiyo ana njia moja ya salama: kunyamaza. Ukiuliza "mmeelewa?" ataitikia na wenzake "ndiyooo". Shimo lake linabaki limefunikwa mpaka siku ya mtihani. Najua walimu wenzangu wanaopiga wanapenda watoto wafaulu, nimekaa nao ofisini. Ninachowaomba waangalie ni hiki: baada ya fimbo, je, mtoto anakuja kuuliza maswali zaidi au anaacha?

Kufikia kidato cha tatu wengi wameshaamua. Wameiacha. Watakwambia kabisa, "Madam, mimi naenda HKL, hesabu hainihusu." HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Na mfumo unawakubalia, maana mtu anaweza kupata daraja zuri na kwenda kidato cha tano na F ya Hisabati. Siku ya mtihani anaandika namba yake ya mtahiniwa, anajaribu takwimu na akaunti kidogo, analala kwenye dawati akisubiri muda wa kuruhusiwa kutoka. Mtoto wa miaka kumi na sita anafunga mlango wa uhandisi, wa famasi, wa benki, kwa sababu ya jirani aliyekuwa sifuri kwenye kutoa kwa kukopa. Hilo linaniumiza kuliko wastani wa shule.

Ninachofanya mimi ni kidogo. Siku moja kwa wiki baada ya vipindi nabaki na wanaotaka, na sharti ni moja: hakuna mada ya kidato cha pili humo. Tunaanza na kutoa kwa kukopa, tunapita thamani ya tarakimu, tunafika sehemu, desimali, namba hasi. Wenye aibu ya kuonekana wanafanya hesabu za darasa la nne nawaambia hata timu ya taifa inaanza mazoezi kwa kukimbia. Kila mmoja akimaliza swali, awe amepata au amekosa, anamweleza mwenzake alivyofanya. Aliyepata naye anaulizwa, kwa sababu ukiwauliza waliokosa tu, swali "umefanyaje?" linageuka kuwa adhabu. Darasani madaftari yote siwezi kuyasoma, kwa hiyo nachagua swali moja tu kati ya kumi na kulisoma hatua kwa hatua kwa kila mtoto. Yale tisa wanasahihishiana. Mwalimu wa taaluma alinikubalia, ingawa alitaka kwanza kuona kama azimio la kazi halitachelewa. Limechelewa, wiki mbili hivi. Tunafidia kwenye mada ambazo watoto wanazishika haraka, kama seti na takwimu.

Yule kijana wa duka alipata 34 kwenye mtihani wa muhula. Alikuwa na 11. Bado namba hasi zinamsumbua, hasa 3 − (−2), na wiki ijayo tutaanza na deni: mjomba anadaiwa elfu mbili na muuzaji wa jumla, deni likifutwa, hali yake imepanda au imeshuka?

Kwenu wazazi: usiku mtoto akiwa na daftari, hata kama hesabu zenyewe huzijui, mwambie akueleze alivyofika pale. Mwache aongee. Atakapokwama kueleza ndipo penyewe, weka alama ya penseli umletee mwalimu wake. Na nyinyi walimu wa darasa la nne na la tano mnaosoma hapa, nina swali la kweli. Mnaanzaje sehemu? Mna nini mikononi siku ile ya kwanza, karatasi, mkate, kamba? Na KDS mnaileta baada ya muda gani? Niandikieni hapo chini, kwa urefu mnaotaka. Januari nitapokea watoto wenu, na ningependa nianzie pale mlipoishia.